Umeme wa sola katika trela msimu wa mawingu

Mkaazi wa Lang'ata: Ndugu zangu, ninaishi katika trela lenye paneli ya wati 200 na betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100. Julai hii mawingu yametanda Nairobi, na friji huzimika kabla ya alfajiri. Je, niongeze betri au paneli?

Fundi wa Ngara: Paneli kwanza. Betri hiyo hubeba takriban wati-saa 1,200, lakini ukiitumia kupita nusu mara kwa mara unaifupishia maisha, hivyo hesabu 600 tu. Friji ndogo ya kompresa inayovuta wati 45, ikifanya kazi nusu ya muda, humaliza karibu 540 kwa siku. Betri ya pili isiyo na cha kuijaza itakuwa mzigo tu.

Mama Trela: Nakubaliana na fundi, ila nauliza: chai unapikia nini? Birika la wati 1,500 likipitia inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, huvuta zaidi ya ampea 125 kutoka kwenye betri, mzigo mkubwa mno kwake. Tumia gesi.

Mkaazi wa Lang'ata: Asante, mama, gesi ninayo. Paneli niielekeze wapi?

Fundi wa Ngara: Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo ilaze karibu bapa, kwa mwinamo mdogo wa kuteremsha maji, mbali na kivuli cha miti.