Pua ya mtu sasa ndiyo mashine ya kupimia bangi Pemba, na mama mkwe wangu ni shahidi

Assalaam alaykum. Ninaandika hata viatu sijavua, kwa hivyo atakayeona maneno yangu yamechacha na anisamehe.

Nyote mnamjua yule askari wa barabarani. Sina haja ya kumtaja jina, wala cheo, wala kona anayosimama. Ni yule ambaye hata ng'ombe akimwona hupita upande wake wa barabara. Asubuhi hii nilikuwa nikitoka Wete kwenda Chake Chake, mama mkwe wangu yuko kiti cha mbele, amepakata kipakacha cha mgagani aliouotesha mwenyewe nyuma ya nyumba. Bwana yule akatusimamisha. Hakuuliza leseni, hakuuliza bima. Aliyatazama macho yangu, ambayo ni mekundu kwa sababu aila nzima tulikesha tukichambua karafuu, kisha akasema, "Lete mikono." Nikampa, nikidhani anataka kunisalimia.

Akainusa. Alininusa viganja mbele ya mkwe wangu! Alianza na cha kulia, akaenda cha kushoto, akarudi cha kulia kama mtu anayechagua nanasi sokoni, kisha akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi Mkoani kwamba harufu ile si ya heri. Ilikuwa harufu ya karafuu, ndugu zangu. Katika msimu wa karafuu, ndani ya Pemba, majamvi yameanikwa pande zote mbili za barabara, mtu mzima anashindwa kuitambua karafuu!

Kisha akakiona kipakacha. Jani la mgagani lina vidole vitano, na yeye vidole anavijua kuvihesabu. Akamuuliza mama mkwe, mwanamke aliyehiji, kama mmea ule anao mwingine nyumbani. Bibi wa watu akajibu kwa ukarimu wake wote kwamba anao madebe matatu, na kama mwanangu unataka mbegu nitakupa. Tukakaa juani mpaka akatafutwa mwenzake aliyekulia shamba, akatafuna jani moja, akatema, akasema, "Hii mboga."

Simtetei mvutaji. Ninajua kwamba kwetu kuotesha hata mche mmoja wa bangi ndani ya debe ni kosa, na ninajua kwamba tangu sheria ya mwaka 2021 tuna Mamlaka kamili ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Ninauliza kipimo tu. Mlevi wa pombe hupulizishwa kifaa chenye namba, lakini pua haina namba, na siku ikipata mafua itamwachia mvutaji na kumkamata mchuma karafuu. Hata hivyo hayo yote ningeyameza. Kunuswa viganja, mbele ya mkwe, siwezi kukumeza.

Makonyo: Pole sana. Lakini mtu asiyevuta hahesabu mara alizonuswa, na wewe umetueleza hadi mpangilio wa viganja. Tuambie kweli, baada ya karafuu ulishika nini?

Mzee wa Darubini: Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, na ninakuonya kwamba hicho kipimo unachokiomba kinaweza kukutesa kuliko pua. Kiini cha bangi kinacholewesha, yaani THC, hujificha kwenye mafuta ya mwili. Mabaki yake huonekana katika mkojo siku kadhaa baada ya ulevi kwisha, na kwa mvutaji wa kila siku huweza kuonekana hata wiki kadhaa. Mkojo utasema kwamba mtu alivuta. Hautasema kwamba alikuwa amelewa aliposhika usukani. Mate huelekea zaidi kwenye saa za karibuni, lakini nayo hayapimi ulevi wenyewe.

Makonyo: Kwa hiyo pua ibaki?

Mpemba wa Toronto: Huku Canada bangi iliruhusiwa tarehe 17 Oktoba 2018, na sheria ya nchi inakubali miche minne kwa nyumba moja, ingawa jimbo la Quebec walikataza kuotesha nyumbani na Mahakama ya Juu ikawaunga mkono mwaka 2023. Barabarani askari anaweza kukutaka mate. Damu ikikutwa na nanogramu 2 za THC kwa mililita ndani ya saa mbili tangu uendeshe, umefanya kosa, na ikifika 5 kosa linakuwa zito zaidi. Bado madereva wanalia kwamba namba hiyo haimjui nani amelewa na nani alivuta jana. Mimi sivuti wala sioteshi, lakini jirani yangu ana miche yake minne chini ya dirisha langu, na harufu huniingilia katikati ya sala. Huyo aliyenuswa mara tatu anaona amedhulumiwa. Mimi ninanusishwa kila siku kwa mujibu wa sheria.

Muuza Madafu, Nungwi: Yangu ni makubwa kuliko yenu nyote. Hapa ufukweni wapo wageni wanaovuta wakidhani ruhusa ya kwao wameipakia kwenye begi, na hakuna anayewaomba viganja. Aliyepekuliwa ni kijana wangu, na dafu alilokuwa amekwisha kulichonga likainamishwa na kumwagwa maji yote ili litazamwe ndani.

Mwenye uzi: Ninaomba turudi kwenye viganja vyangu.

Bi Kombamoyo: Viganja tumevielewa, mwanangu. Mimi ninauliza habari ya ule mgagani. Wangu unatoa maua mapema na majani yanakuwa machungu mno.

Muuza Madafu, Nungwi: Chuma kabla haujatoa maua, bibi, na maji ya kwanza ya kuchemshia uyamwage. Tui zito litie mwisho.

Bi Kombamoyo: Ahsante. Na zile mbegu, je?

Mwenye uzi: Mama mkwe hajasema nami tangu asubuhi. Amemtuma mtoto aniambie kwamba mbegu zipo, na anayezitaka aje mwenyewe kabla ya magharibi.

Bi Kombamoyo: Nitamtuma mjukuu wangu kwa baiskeli, njia ya mashambani.