Nilisaini kuwa nimehudhuria kikao cha mradi wa vichochoro, sikusaini kuwa nimekubali!

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu, mlio hapa kisiwani na mlio Mombasa na ughaibuni.

Jana baada ya swala ya alfajiri punda wa jirani yangu ameanguka kwenye ule mteremko mpya wa mtaani kwetu, Langoni. Usiku kulinyesha manyunyu tu, si mvua ya kusema mvua. Punda alikuwa amebeba shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, limejaa mchanga wa kujengea, anateremka taratibu kama anavyoteremka kila siku. Kwato zote mbili za mbele zikateleza kwa pamoja, akapiga magoti, mzigo ukamwelemea upande mmoja, akaburuzika mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya watu. Goti la kulia limechunika ngozi yote. Kijana anayemchunga alikaa pale pale kwenye simiti, kichwa cha punda mapajani mwake, analia na huku anamfuta mchanga machoni. Huyo punda ndiye anayelisha watu saba nyumbani kwao. Na ni punda wa tatu kuanguka pale tangu njia ile ikabidhiwe.

Nimerudi nyumbani chai haikunipita kooni. Sababu hili nililisema. Nililisema kwa mdomo wangu, mbele ya watu, kabla mfuko mmoja wa saruji haujafunguliwa!

Sikilizeni ilivyokuwa. Ofisi moja, sitaitaja hapa, ilitangaza kikao cha kutoa maoni kuhusu mradi wa kutengeneza vichochoro na mitaro mtaani kwetu. Tangazo lilibandikwa ukutani karibu na gati Jumanne jioni, kikao chenyewe Jumatano saa nne asubuhi. Kurasa tatu za Kiingereza kitupu. Hapa Lamu! Mji uliotunga tenzi za Kiswahili kabla ofisi hizo hazijazaliwa, leo mwenyeji amtafute mtoto wa sekondari amsomee tangazo la kichochoro cha mlangoni kwake. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema wazi Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Aliyeandika tangazo lile anakijua Kiswahili vizuri kabisa, maana kikaoni alitusalimia kwa Kiswahili.

Na kikao kilikuwa wapi? Ng'ambo, Mokowe. Kichochoro kiko Langoni, watu wake wako Langoni, maoni yakatolewe bara. Saa nne asubuhi wavuvi wako baharini, kina mama wako jikoni, wenye punda wako kazini. Tulivuka watu kumi na wanne tu. Nilimkuta bibi mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima sana, nikamuuliza, "Bibi, nawe umekuja kutoa maoni?" Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimeitwa nije nile, sikuitwa nije ninene." Sikumlaumu na simlaumu leo. Nyumba yake ndiyo inayoingia maji.

Pale ndani tulionyeshwa picha ukutani, zikapita mbio. Halafu tukaambiwa kuna nafasi ya maswali mawili. Nikasimama. Nikasema mteremko ule msiulaze laini kwa mwiko, punda watateleza. Nikasema mkitaka, simiti ikiwa bado mbichi pitisheni ufagio wa chelewa kwa kukingama, iache mikwaruzo, kwato zipate pa kushika. Hii si elimu ya chuo kikuu, kila fundi wa hapa anaijua. Nikasema pia mtaro wa zamani msiufinye, kwa sababu maji ya nyumba zote za juu yanateremkia pale, na masika yakija yatarudi kwenye madaka, yaani kumbi za mlangoni, ya watu wa chini. Bwana aliyeongoza kikao akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Asante mzee, tumelichukua." Baadaye ikaja karatasi ya mahudhurio. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Nikasaini. Tukapewa soda na nauli ya boti, tukarudi.

Wakaja wakamimina simiti. Wakailaza laini kwa mwiko. Mtaro wakaufinya na kuufunika kwa slabu. Masika ya kwanza tu, yule bibi alikuwa anachota maji kwenye daka lake kwa kopo la rangi, kanga kajifunga kiunoni, saa nane ya usiku.

Kinachonichoma zaidi kimekuja mwezi uliopita. Mtu mmoja wa heshima amenionyesha ripoti ya kile kikao. Ukurasa wa mwisho una majina kumi na manne, langu ni la sita, na sahihi yangu ni ile ile ya wino wa buluu. Juu ya orodha wameandika kuwa hawa ni wakazi walioshiriki na kuunga mkono mradi. KUUNGA MKONO! Nimezipekua kurasa zote mara tatu nikitafuta swali langu. Neno punda halimo. Neno mteremko halimo. Maoni yangu yametupwa, jina langu limewekwa. Kesho mtu akiuliza nani aliruhusu upumbavu huu, jibu litakuwa ni mimi, na kitambulisho changu kipo.

Huu ni wizi, jamani. Sina neno jingine. Jina la mtu ni mali yake.

Na wasituambie ni jambo dogo la mtaani. Kifungu cha 10 cha Katiba kimeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala wa nchi hii. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 87, inataka mwananchi apate taarifa na nyaraka kwa wakati. Jumanne jioni kwa Jumatano asubuhi ndio kwa wakati?

Mnakumbuka makaa ya mawe? Kiwanda cha umeme cha megawati 1,050 kilichotakiwa kujengwa Kwasasi? Waliotaka kukijenga walikuwa na pesa, walikuwa na leseni ya mazingira, walikuwa na karatasi za vikao pia. Watu wa Lamu wakaenda mbele ya baraza la rufaa za mazingira, na Juni 2019 leseni ile ikafutwa. Moja ya sababu kubwa ilikuwa hii hii ninayoililia: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Vikao vilifanywa kabla ripoti ya athari haijakamilika, watu wakaulizwa kuhusu kitu ambacho hawajakisoma. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi walioumizwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Watu wa mji huu wameshasimama mbele ya miradi mikubwa kuliko kichochoro, na majaji wakawasikiliza. Ofisi zetu zinalijua hilo. Zilichojifunza ni kukusanya sahihi mapema.

Wala si ujenzi peke yake. Sherehe nazo zimekuwa hivyo hivyo. Mwaka jana waliletwa watu kuandaa tamasha moja hapa ufuoni, ambalo jina lake naliacha. Wazee walioitwa walielezwa ratiba ambayo tayari imeshachapishwa. Vijana wetu walitakiwa wacheze kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, wenye punda walitakiwa walete punda wa mashindano, kina mama walitakiwa wavae vizuri. Siku yenyewe ilipofika, mama mmoja anayeuza viazi karai na kaimati pale miaka yote akaambiwa aondoke, sehemu ni ya mabanda yaliyolipiwa. Saa kumi na moja jioni, mafuta yameshachemka! Nilimsaidia mimi na mwanawe kulibeba lile karai, tumelishika kwa vitambaa viwili, mafuta yanachezacheza, tunapita katikati ya watoto wanaokimbia. Tukaliweka nyuma ya ukuta ambapo hapiti mtu. Aliuza sinia moja. Unga mwingine ulichacha.

Halafu linganisheni na Maulidi yetu ya msikiti wa Riyadha. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, haujaandama, mtaa mzima ushajua nani atapokea wageni, nani atapika, matwari ya kupigia kasida yamekazwa, nyumba zimefunguliwa, wageni wanatoka Unguja, wanatoka Ngazija, wanapata pa kulala na cha kula. Hakuna anayeletewa karatasi asaini kuwa ameshirikishwa, kwa sababu jambo ni lake. Vijana wanajua zamu zao, wazee wanaulizwa na wakisema wanasikilizwa. Kwa hiyo yule afisa anayesema watu wa Lamu hawana mwamko, hawahudhurii, hawajali maendeleo, aniambie vizuri. Watu hawa hawa ndio wanaobeba mji mzima kila mwaka kwa siku kadhaa bila posho ya mtu. Hawaji Mokowe saa nne asubuhi kusikiliza jambo lililokwisha amuliwa.

Nataka kusema na wenzangu pia, na naomba msikasirike. Sisi tunakaa barazani tunalalamika mpaka isha, halafu karatasi ikija tunasaini bila kusoma kichwa chake. Nami nilisaini. Kuanzia sasa, ukiletewa karatasi ya mahudhurio, angalia juu pameandikwa nini. Kama hapajaandikwa kitu, andika mwenyewe pembeni ya sahihi yako: nimehudhuria tu. Na swali lako lilete limeandikwa, nakala mbili, moja wakupigie muhuri ubaki nayo. Mimi sikuwa na nakala, ndiyo maana leo ni neno langu dhidi ya ripoti.

Tunachodai hakihitaji mkopo wa benki wala mtaalamu wa kutoka nje. Mteremko ule ukwaruzwe upya, ni kazi ya mafundi wawili kwa siku chache. Slabu ziinuliwe, mtaro upanuliwe ulivyokuwa. Matangazo yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe misikitini na kwa wazee wa mitaa, wiki mbili kabla. Kikao cha jambo la Langoni kifanywe Langoni, baada ya alasiri, wavuvi wamerudi na kina mama wamepumua. Na ile ripoti irekebishwe. Jina langu litoke kwenye orodha ya waliounga mkono, au swali langu liingie. Mji huu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, gari haliingii kwenye vichochoro vyetu, kila jiwe la nyumba zetu limepandishwa na punda. Mtu anatengeneza njia hapa bila kumfikiria punda, anamtengenezea nani?

Barua nimeshaiandika. Ina kurasa mbili, kwa Kiswahili, inaomba nakala ya ripoti nzima na karatasi ya maswali ya siku ile kwa kutumia sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata habari. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa Mkunguni, mbele ya ngome. Wale kumi na watatu tuliosaini pamoja, njooni muisome kwanza, yote, ndipo muamue kama mtatia sahihi. Yule bibi ameniambia atakuja. Na mwenye picha za lile tangazo la Jumanne aziweke hapa chini, yangu imefutika simu ilipoingia maji.