Mzunguko wa Barnhardt na Y Bar, milima ya Mazatzal: nani amepita? Na je, nibebe panga?

MbondeiWaTempe

Habari zenu wana jamvi, hasa mlioko Arizona. Mimi na shemeji yangu tunataka kulala milimani usiku mmoja mwezi wa kumi, joto la Phoenix likishapungua. Tumeupenda mzunguko wa Mazatzal Peak: unapanda kwa njia ya Barnhardt, unashika ile njia ya juu ya Mazatzal Divide, unateremka kwa njia ya Y Bar mpaka pale pale ulipoacha gari. Kama maili 17 hivi. Mimi nimeshatembea Lushoto mpaka Mtae na mzigo mgongoni, shemeji naye alikuwa anacheza mpira mpaka juzi, kwa hiyo maili 17 kwa siku mbili naona tutazitembea huku tunapiga soga.

Kinachonichanganya ni hiki: kila aliyepita Y Bar analalamikia vichaka. Eti njia imemezwa tangu moto wa 2004. Jamani, 2004! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana ndevu sasa. Hivi miaka yote hiyo hakuna aliyefyeka, au watu wanatia chumvi?

Na maswali madogo madogo. Lita 3 za maji kwa kila mtu zinatosha? Kaptura inafaa? Nibebe panga? Ninalo zuri, kali, nimeletewa kutoka nyumbani.

Mkaanjia_NRB

Mtu ametoka Tanga, kwenye bahari na minazi, akavuka dunia nzima kwenda kutafuta miiba jangwani, tena kwa petroli yake. Endeleeni, mimi nasoma tu.

MtaitaWaMesa

Kaka, hawatii chumvi. Mimi ni mtu wa Voi, nimechunga mbuzi kwenye vikwata tangu nikiwa mdogo, miiba hainitishi kwa kuhadithiwa. Lakini Y Bar kuna mahali unasimama, unatazama chini, na kiatu chako mwenyewe hukioni.

Nianze na hilo la 2004 maana ndilo lenye kisa. Moto wa Willow uliwashwa na radi mwishoni mwa Juni, ukala karibu ekari 120,000. Juu kule kulikuwa na misonobari mikubwa ya ponderosa, na chini ya kivuli chake vichaka havikuwa na nafasi ya kutamba. Misonobari mingi ikafa, jua likafika chini. Sasa ule mwaloni mfupi wa kule, ukiuunguza juu, shina lililo ardhini linabaki hai, na badala ya tawi moja linakutolea machipukizi kumi. Kichaka kingine, manzanita, nacho mbegu zake hulala udongoni miaka na miaka, moto ukipita ndiyo zinaamka. Mlima ulijibadilisha wenyewe. Ulikuwa wa misonobari, sasa ni wa vichaka, na miaka hii zaidi ya 20 unayoishangaa imevipa tu muda wa kukukaa kifuani badala ya magotini.

Kufyeka watu wanafyeka, mimi mwenyewe huenda nikipata wikendi. Ila Mazatzal ni eneo lililohifadhiwa chini ya ile sheria ya 1964 ya kulinda nyika, na humo mashine ni marufuku, hata msumeno wa petroli. Gogo la msonobari linakatwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja huku mmoja kule, kama wapasua mbao wa zamani. Matawi yanakatwa kwa mkasi wa mikono mirefu, moja moja. Kikosi cha watu wanane kinashinda juani kutwa na jioni ukigeuka kutazama, kipande mlichosafisha unaweza kukimaliza kabla hujamaliza kutafuna ndizi. Misimu michache mbele kimeota tena.

Halafu mikono haigawanywi sawa. Mazatzal Divide ni sehemu ya Arizona Trail, ile njia ya maili 800 kutoka mpaka wa Meksiko hadi Utah, kwa hiyo ina chama chake, ina wapenzi wake, ina watembeaji wanaopiga kelele ikiziba. Barnhardt inapendwa kwa sababu ya maporomoko ya maji. Y Bar ni mtoto wa kambo. Inafyekwa wakibaki watu na ikibaki siku.

Kwa hiyo ushauri wangu: usihesabu maili, hesabu saa. Njia ikiwa wazi, na mzigo, utakwenda maili 2 kwa saa bila taabu. Ndani ya vichaka ni maili 1 ukijikaza, na kuna vipande vya nusu maili kwa saa, maana unasukuma, unanaswa, unajinasua, unatafuta njia, unasukuma tena. Mwezi wa kumi jua linazama karibu saa 12 jioni. Piga hesabu mwenyewe utakuwa wapi giza likiingia.

Miiba: kule kuna kichaka wanakiita catclaw, ukoo mmoja kabisa na kikwata chetu, na adabu ni ile ile. Mwiba umepindia nyuma. Ukinaswa, rudi nyuma nusu hatua utoke taratibu. Ukivuta kwa hasira utaacha shati, na ngozi kidogo. Kaptura sahau. Vaa suruali nzito ya kazi kama ya mafundi, shati la mikono mirefu, glavu za ngozi. Usining'inize kitu nje ya begi. Lile godoro la sponji watu wanalofunga chini ya begi hutoka Y Bar limebaki robo.

Na kuipata njia yenyewe. Mbele utaona kijani kitupu, kwa hiyo tazama chini. Njia ilichongwa ubavuni mwa mlima, na ukanda ule bapa bado upo chini ya matawi, miguu huusikia kabla ya macho kuuona. Ukianza kukanyaga mteremko, kifundo cha mguu kikipinda kila hatua, umeshatoka njiani, rudi. Tafuta mawe yaliyopangwa na watu. Lakini alama ninayoiamini kuliko zote ni kichwa cha gogo kilichokatwa kwa msumeno: bapa, kimegeuka kijivu, pengine nusu yake imezibwa na mwaloni. Moto haukati gogo bapa, na kulungu hana msumeno. Vijia vya wanyama vinadanganya sana kule, vinakuingiza vizuri mita 50 halafu vinapita chini ya matawi kwa kimo cha mnyama, wewe na begi mnabaki nje.

Maji, lita 3 ni za Barnhardt kwenda na kurudi asubuhi siku ya baridi. Kwa mpango wenu ondokeni na 5 au 6 kila mtu. Chemchemi zipo, Chilson haiko mbali na pale Barnhardt inapokutana na Divide, na Bear Spring iko kusini zaidi, lakini kabla ya kutoka nyumbani someni taarifa za maji za watembeaji wa Arizona Trail. Ramani huchora tone la buluu hata mahali pakavu.

La panga nitarudi, niko zamu.

Kasongo_Tucson

Jambo ndugu zangu. Mimi naona tofauti kidogo na ndugu Mtaita. Y Bar nilishateremka, na nilifika chini mchana nikiwa na suruali yangu nzima. Inategemea tu umekuja nyuma ya kikosi au mbele yake. Wakishapita wafyekaji ni njia nzuri sana, ule upande wa korongo la Shake Tree una kivuli na hewa, kuliko Barnhardt yenye watu wengi kila Jumamosi. Usimtishe kijana.

Ila niongeze hili, maana huku kwetu tunatembea zaidi milima ya Superstition, ambako moto wa Woodbury wa 2019 uliunguza ekari zaidi ya 120,000. Mahali palipoungua panabadilika kadiri ya umri. Pakiwa papya, hofu si vichaka, ni maji. Udongo uliopikwa na moto hauinywi mvua, maji yanateremka yote pamoja na majivu na magogo. Hapo hapo karibu na mji wa Payson, Julai 2017, watu 10 wa familia moja walifariki wakiogelea kijitoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu yao, kwenye msitu ulioungua mwezi uliotangulia. Kwa hiyo usichague njia kwa kusoma tu kwamba vichaka hakuna. Uliza moto ulipita lini.

Na miti iliyokufa imesimama: hata baada ya miaka mingi inaanguka, tena siku ya upepo haitoi taarifa. Ukipiga hema tazama juu kwanza.

Nesi_wa_Glendale

Mimi sipandi milima, nashughulika na wanaoteremka. Mdogo wangu Mbondei, chanjo yako ya pepopunda ulichoma lini? Ikipita miaka 10 nenda kachome kabla ya safari, si baada.

Miwani. Hakuna anayeitaja. Anayetangulia anasukuma tawi, tawi linarudi na kumkuta wa nyuma usoni. Miwani ya kazi ya plastiki ya dola chache inatosha, na mwachane hatua kadhaa. Mwiba ukivunjikia ndani ya ngozi toeni jioni ile ile kwa kibano na taa ya kichwani, oshani kwa maji safi na sabuni. Ukivunjikia kwenye kiungo cha kidole au goti na kikaanza kuvimba, hilo si la kibano tena, ni la daktari.

Na shemeji wa mpira ndiye ninayemhofia zaidi. Wachezaji hunywa maji wakisikia kiu.

MbondeiWaTempe

Asanteni sana, dada na kaka zangu. Chanjo sikumbuki, nitachoma. Sasa niko njia panda: Mtaita anasema niache Y Bar, Kasongo anasema ni nzuri. Nimepekua, aliyeandika habari ya Y Bar mwisho alikuwa anapanda, si kuteremka, na alisema aligeuka njiani. Je, tukiizunguka kinyume, tupande kwa Y Bar asubuhi tukiwa na nguvu, halafu turudi kwa Barnhardt iliyo wazi? Na panga bado sijajibiwa!

MtaitaWaMesa

Kasongo ana haki, ikiwa imefyekwa ni njia tamu kuliko Barnhardt, sibishi. Swali ni kwamba huyu kijana hajui imefyekwa lini, na wewe pia huijui leo ikoje.

Kupanda kwa Y Bar wazo si baya, maana ukishindwa saa 5 asubuhi gari liko nyuma yako. Ukishindwa huku unateremka saa 10 jioni, gari liko mbele, vichaka viko katikati na maji yamekwisha, na hapo ndipo watu huanza kulazimisha. Lakini kama ni mara yenu ya kwanza mimi ningefanya hivi: pandeni Barnhardt, ni karibu maili 6 mpaka juu. Lala upande wa Chilson, mkiwa mmehakikisha maji. Asubuhi acheni hema, chukueni maji na chakula tu, fuateni Divide kuelekea kusini mpaka makutano ya Y Bar. Tembeeni Y Bar robo saa muone wenyewe. Ikiwa wazi, mmeshajua kwa safari ijayo. Mkiona mmezama, mnageuka bila mzigo mgongoni na bila lawama nyumbani. Divide yenyewe huko juu, ukitazama miamba ya Mazatzal Peak upande mmoja na bonde la Verde upande wa pili, si zawadi ya kitoto.

Usiku juu kule si wa Phoenix, ni futi 6,000, mwezi wa kumi unaweza kuamka maji ya chupa yameganda mdomoni.

Panga. Liache. Najua linakuwasha mkono, wote waliolelewa kwetu tunafikiri hivyo tukikiona kichaka. Mwaloni ule ni mkavu na mgumu, na matawi yake ni membamba, yanapepea. Ukilipiga tawi, pigo linateleza, na anayefuata nyuma ni mume wa dada yako. Pili, panga hukata mshazari. Linaacha kigingi kilichochongoka, kimo cha goti au ugoko, kimejificha ndani ya majani, kikimngoja atakayejikwaa. Ndiyo maana sisi tunakata kwa mkasi, chini kabisa shinani, pasibaki kitu, na tawi tunalitupa mbali chini ya njia, kitako kikitazama kule. Nimetumia asubuhi nzima kusafisha vigingi vya mtu aliyepita na panga lake akidhani amesaidia. Ukitaka kukata, njoo na kikosi. Mkasi utapewa, glavu utapewa, na chakula cha mchana tutachangia.

Mwisho, mwachieni mtu karatasi nyumbani: gari liko Barnhardt, mnarudi Jumapili saa fulani, msipoonekana kufikia saa fulani apige simu. Na pigeni ofisi ya misitu pale Payson mulize hali ya ile barabara ya vumbi kutoka Highway 87. Ni kama maili 5, na mvua ikiwa imenyesha gari dogo huenda lisifike.

Mkaanjia_NRB

Mimi niliyekuja kucheka sasa natafuta bei ya glavu za ngozi.

MbondeiWaTempe

Nimeelewa, mkubwa. Barnhardt kupanda, Barnhardt kushuka, Y Bar tutaichungulia. Panga linabaki jikoni. Shemeji ameshanunua kaptura mbili mpya kwa ajili ya safari hii na hataki kunisikia, kwa hiyo namtumia uzi huu mzima ausome mwenyewe. Dada Nesi, hiyo ya mchezaji na kiu nimemsomea kwa sauti. Amenuna.