Tremolo ya skrubu sita: briji imeinuka nyuma na tyuni haitulii

Swali – NyuziSita

Wakuu, habari za saa hizi. Gitaa ni la umeme, muundo wa Stratocaster: tremolo (briji inayosogezwa kwa mkono ili kupandisha au kushusha sauti) ya skrubu sita mbele, springi tatu nyuma. Nyuzi za 9-42 zimetoka, zimeingia 10-46, yaani nene zaidi. Sasa briji imeinuka nyuma kama milimita 6 na nyuzi ziko juu mno shingoni. Nikityuni uzi wa sita, wa kwanza unashuka. Nikiurekebisha wa kwanza, wa sita nao umeshuka. Halafu nikibonyeza mkono wa tremolo na kuuachia, uzi wa tatu unarudi ukiwa umepanda kidogo. Niongeze springi ya nne, au nikaze zile skrubu mbili za nyuma? Nikaze kiasi gani?

Jibu – FundiBriji

Mkuu, hapo una matatizo mawili, na usiyatibu kwa dawa moja. Briji kuinuka ni suala la mizani. Uzi wa tatu kurudi ukiwa juu hakuhusiani na springi hata kidogo.

Briji hiyo ni mizani. Upande mmoja nyuzi zinavuta kuelekea kichwani, upande wa pili springi zinavuta bloku, kile kipande cha chuma kilicho chini ya briji. Seti ya 10-46 kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 25.5 kutoka nati hadi briji, tyuni ya kawaida, inavuta jumla ya kilo 47 hivi. 9-42 inavuta kama 39. Umeongeza kilo 8 upande mmoja bila kugusa upande wa pili, kwa hiyo briji imelala mbele. Ndiyo sababu pia tyuni inakukimbia: ukikaza uzi mmoja, briji inasogea mbele kidogo na nyingine zote zinalegea. Hiyo si hitilafu, ndivyo tremolo inayoelea, yaani isiyolala juu ya mwili, ilivyo.

Anza na skrubu sita za mbele, kwa sababu zikikosewa hata springi zikae sawa bado briji itakwama. Vuta mkono hadi sahani ya briji ilale bapa juu ya mwili. Legeza skrubu zote sita hadi vichwa viwe milimita 1.6 juu ya sahani. Kisha rudisha mbili tu za pembeni mpaka zigusane na sahani, usizikandamize. Briji itazunguka kwenye hizo mbili, na nne za kati zitabaki kuizuia isihame. Wengi hukaza zote sita, sahani inabanwa, kisha wanalaumu springi.

Sasa nyuma. Fungua kifuniko. Utaona kucha ya chuma iliyoshika springi, nayo imeshikiliwa na skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao. Legeza nyuzi kwanza, kwani kukaza skrubu hizo chini ya mvuto wote kunakula mbao. Tumia bisibisi inayojaa kwenye kichwa cha skrubu, na angalia waya wa ardhi uliolehemiwa kwenye kucha: ukikatika, gitaa litaanza kuvuma. Kaza kila skrubu mzunguko mmoja. Tyuni nyuzi zote, rudia raundi tatu au nne hadi zitulie, ndipo upime pengo la nyuma. Usipime kabla ya kutyuni, kipimo hicho hakina maana. Kama bado liko juu, legeza tena nyuzi, kaza nusu mzunguko kila upande, tyuni, pima.

Lengo ni milimita 3.2 nyuma ya sahani, kipimo cha Fender wenyewe. Kama huna kipimo, kadi nne za benki zikipangwa pamoja ni milimita 3 na kidogo: ziteleze chini ya ukingo wa nyuma, ziingie bila kulazimisha. Pengo likishakaa sawa ndipo ushushe vidaraja vya kila uzi kwa ufunguo wa alen, na uhakikishe noti ya freti ya 12 inalingana na hamoniki yake (sauti ya kugusa uzi tu juu ya freti hiyo bila kuubonyeza), maana briji imehama.

Jibu – SikioLaChuma

Naongezea kwenye uzi wa tatu. Hiyo ni nati ya shingoni, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji ya nyuzi, kabla ya vigingi vya kukazia nyuzi. Ukibonyeza mkono, uzi unalegea na sehemu yake inavutwa kuelekea kwenye kigingi. Ukiachia, ilibidi irudi. Mfereji umebana, haijarudi yote, ndiyo maana sauti iko juu. Jaribu kinyume chake: uvute uzi huohuo kwa kidole kwenye freti, uachie. Ukirudi ukiwa *umeshuka*, jibu umelipata, ni nati. Dalili nyingine ni mlio mfupi wa "ting" unapozungusha kigingi.

Umepanda kutoka 9-42 hadi 10-46, na mifereji huenda ilikatwa kwa nyuzi nyembamba. Anza na rahisi: sugua risasi ya penseli laini ndani ya mfereji. Ikishindikana, mfereji upanuliwe kwa faili ya kipimo cha uzi huo. Panua ubavu tu, usichimbe chini, la sivyo uzi utagonga freti ya kwanza. Kwenye kigingi, uzi ukizunguka mara mbili au tatu inatosha.

NyuziSita

Asanteni sana. Na springi ya nne je? Na kama nataka kuvuta nyuzi bila nyingine kushuka?

Jibu – FundiBriji

Springi ya nne haiongezi mvuto pale briji inapotulia; mvuto huo unaamuliwa na nyuzi. Inachobadilisha ni ugumu: mkono unakuwa mzito zaidi, na unapovuta uzi mmoja briji inasogea kidogo tu, kwa hiyo nyingine hazishuki sana. Ukiiweka, itabidi ulegeze kucha. Kwa 10-46 springi tatu zinatosha kabisa kama unapenda mkono mwepesi.

Kama hutumii kupandisha noti kwa mkono, laza briji juu ya mwili: kaza kucha hadi sahani iguse mbao ukiwa kwenye tyuni, kisha ongeza nusu mzunguko kila skrubu. Ukivuta uzi briji haisogei, na hata uzi ukikatika nyingine zinabaki mahali pake. Unapoteza kupanda, unabaki na kushuka. Kwa mpigaji wa ridhimu mimi ningechagua hivi bila kusita.

Jibu – MakaliMawili

Kwa wanaosoma wakiwa na Floyd Rose (tremolo yenye vibanio vya kufunga nyuzi kwenye nati) au briji yoyote ya nguzo mbili: mizani ni ileile, ila sahani ikae sambamba na mwili. Usizungushe nguzo kubadilisha kimo huku nyuzi zimekazwa. Makali ya sahani yanayoegemea nguzo yanapata pengo, na yakishapata hairudi tena kwenye tyuni. Kabla ya kugusa springi, fungua vibanio vya nati na weka skrubu ndogo za tyuni katikati ya safari yake. Unapobadilisha nyuzi, chomeka kipande cha mbao chini ya briji, au badilisha uzi mmoja mmoja.