Stesheni iko mgongoni mwa maduka, geti liko wapi?

Wakuu, salaam. Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa nauli, hapa nauli haina kesi.

Stesheni hii ya huku viungani Dodoma wote mnaijua, sina haja ya kuitaja. Tuliambiwa imewekwa pale kwa ajili ya maduka. Haya, simama jukwaa la pili utazame: ukuta wa maduka uko mita 60. Katikati kuna uzio wa waya, na uzio hauna geti! Njia halali ni kupanda daraja la juu, kuvuka hadi jukwaa la kwanza, kutokea mlango wa mbele, kukata maegesho, kisha kuzunguka na barabara ya lami. Karibu mita 900. Mwenye gunia la unga na ndoo ya mafuta ya alizeti anaishia kumlipa bajaji ampeleke mahali anapopaona kwa macho.

Sasa watu wamekata waya, kule mwisho wa jukwaa, na tundu linapitisha mtu na tolori. Wanaoteremkia jukwaa la kwanza hawapandi daraja tena, wanakatiza juu ya reli kwenda tunduni. Kuvuka njia mbili na mzigo kichwani ni kama sekunde 10. Treni ya kilomita 120 kwa saa inakula mita 33 kila sekunde, kwa hiyo wakati unatia mguu ilikuwa mita 333 nyuma, na treni ya umeme haina ngurumo ya kukushtua. Hata dereva akikuona na kufunga breki, chuma juu ya chuma kinateleza mamia ya mita.

Na kuna wale wa vifaa vya ujenzi. Bomba la chuma ni futi 20, yaani mita 6. Waya wa juu uko mita 5 na kitu, una volti 25,000. Ukilisimamisha bomba kidogo tu ili lipite tunduni, umekwisha. Umeme wa kiwango hicho hausubiri uguswe, ukikaribiwa unaruka.

Jibu tunalopewa ni lilelile: geti la pili linataka mkaguzi wa pili wa tiketi. Sasa mshahara wa mkaguzi mmoja ndio wa kuwekwa mizani moja na hilo tundu? Wafungue hata saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku tu, maduka yenyewe yanafungwa hiyo saa 3. Mjerumani alipoleta reli hapa 1910, mji uliota kuizunguka stesheni. Hii ya sasa imezungushiwa uzio mji usiisogelee.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu umesahau lifti ya daraja, ndiyo inayowasukuma wazee kwenye tundu. Haifi kwa umeme, inakufa kwa vumbi. Kiangazi upepo wa Dodoma unajaza mchanga kwenye ule mfereji mwembamba wa kizingiti ambamo mlango unatelezea. Mlango unafika katikati, unakwama, unarudi. Ukijaribu mara kadhaa mtambo unajizima wenyewe. Dawa ni brashi ngumu na mashine ya kufyonza vumbi kila asubuhi kabla ya treni ya kwanza, kazi ya dakika 10. Wao wanapaka grisi! Grisi inashika mchanga, mchana imeshakuwa msasa. Wengine wanamwaga maji, yanashuka shimoni kwenye swichi. Na lile jicho la mlango lifutwe kwa kitambaa kikavu, likipata ukungu wa vumbi linadhani kuna mtu amesimama pale muda wote.

Mchangiaji wa tatu:
Mkidai geti, dai na mteremko kwenye barua hiyohiyo, la sivyo mtaletewa ngazi. Ardhi nyuma ya jukwaa la pili iko chini kwa sentimita 110. Kwa uwiano wa 1 kwa 12, huo ni mteremko wa mita 13.2, ukatwe katikati kwa sehemu tambarare ya mita 1.5 ya kupumulia. Nafasi ipo, pimeni. Wakiujenga wa mita 5 "kuokoa eneo", kiti cha magurudumu hakipandi, na tolori lenye saruji litamburuza mwenyewe likishuka.

Halafu mtaro. Maji yote ya paa la maduka yanapita hapohapo masika, kwa hiyo geti litakaa juu ya mtaro na litahitaji mfuniko wa nondo. Nondo zilazwe kukingama njia ya watu. Zikifuata njia, gurudumu la tolori linazama katikati, na foleni yote ya nyuma inasimama mvuani.