Mgodi wa Bisie: nchi inafaidika au mali inapita tu?

MtotoWaLowa
Jambo zenu wote. Mimi ni mtu wa Walikale, Kivu Kaskazini huku Kongo (DRC), ila kwa sasa niko Goma. Mgodi wa bati wa kampuni ya Alphamin pale Bisie, Walikale, ulianza kutoa mali 2019, katikati ya pori kabisa, na mwaka 2024 umetoa zaidi ya tani 17,000, karibu asilimia 6 ya bati ya dunia nzima. Baba mdogo wangu alikuwa anabeba kasiterite (mawe yenye bati) mgongoni palepale kabla kampuni haijaja, kilo 50, siku nzima kwenye matope, na kila kizuizi kuna mwenye bunduki anataka chake. Yeye anasema afadhali sasa, mtoto wa jirani anapokea mshahara. Mimi nikiona lori zinavyolala kwenye tope barabara ya Goma–Walikale roho inaniuma. Nyie mnaonaje?

Wakili_Kisangani
Ndugu, anza na sheria. Sheria ya madini ya 2018 (Code minier) inasema mrabaha, yaani pesa kampuni inayolipa serikali kwa madini inayochimba, unagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta au usheferi (serikali ya kienyeji) wa palepale, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa miradi ya jamii. Kwa hiyo hiyo 15 ni ya kwenu, si ya Kinshasa. Tunapigia kampuni kelele kila siku wakati pesa ingine inaishia kwa watu wetu wenyewe tunaosali nao jumapili. Ila hisa za serikali pale Bisie ni asilimia 5 tu, hilo mimi naliona ni dogo sana.

Mkuu_wa_Geita
Mkuu pole na hali ya huko. Huku Tanzania tulipitia hayo, 2017 rais Magufuli akazuia makinikia (mchanga wa madini ambao haujayeyushwa) yasitoke nje, mvutano ukawa mrefu mpaka ikazaliwa Twiga, kampuni ya ubia ya serikali na Barrick, na serikali ikapata asilimia 16 za hisa. Nyie bati yenu inatoka ikiwa bado makinikia, inayeyushwa kwa watu, na thamani inabaki hukohuko. Lakini nisikudanganye, kinu cha kuyeyushia kinakula umeme mwingi mno, na bila umeme wa uhakika hata mkizuia leo mtakaa na mchanga wenu tu.

Mama_Shabunda
Wanaume mnahesabu asilimia tu, pori hamlisemi. Bisie wanachimba chini ya ardhi, shimo lenyewe halili miti mingi, kinacholiua pori ni barabara, maana ikishafunguka wanaingia wachoma makala (makaa), wa mbao na misumeno yao, wawindaji wa nyama, na ndani ya miaka michache hutambui mahali. Angalieni Carajás kule Amazon ya Brazili, reli ya kilomita karibu 900 ilifunguliwa 1985 kwa ajili ya chuma, na tanuru zilizojengwa kandokando zikala misitu kwa makala. Brazili imeuza chuma kingi, sikatai. Ila mimi nimezaliwa porini, dawa, nyama, viwavi, kuni, vyote tulitoa humo bila kulipa, na hiyo hakuna anayeiandika kwenye hesabu za faida.

MtotoWaLowa
Mama asante sana, hilo la barabara limenishika kwa sababu mimi mwenyewe ndiye nalilia barabara kila siku. Na kuna kitu sikusema, Machi 2025 waasi wa M23 walivyosogea Walikale mgodi ulisimama, wafanyakazi wakaondolewa, ukarudi Aprili, na mwezi ule ndio nimeona jinsi maduka mengi ya kwetu yanavyoishi kwa mishahara ile. Wakili, hiyo asilimia 15 nitaifuatilia. Mtu yeyote mwenye bajeti ya sekta yetu, hata ya mwaka mmoja tu, apige picha aiweke hapa tuisome pamoja.