Eti "hewa haiibiwi"!

KasukuWaKizingo: Natoka pale sasa hivi na mikono yanitetemeka. Nyote mwamjua, sitaji mtu. Yule mwenye kahawa na waifai ya bure, paswadi imebandikwa ukutani tangu Mreno hajajenga Fort Jesus.

Nafungua simu naona waifai yake mbili. Jina lile lile, herufi kwa herufi. Moja ina kufuli, nyingine haina, na hiyo isiyo na kufuli ndiyo yenye mistari yote. Binti wa meza ya pili ashaingia, simu yamtaka aandike baruapepe yake na paswadi ya hiyo baruapepe "ili aendelee". Ashafika herufi ya nne! Nikamshika mkono. Ruta gani ya mkahawa yataka paswadi ya baruapepe yako? Huyo ni mtu kakaa karibu na kidude chake, kalivaa jina la mwenzake, angoja samaki.

Nikamwendea mwenyewe kwa salamu na adabu, nikamwonyesha. Anijibu nini, mbele ya wateja, kitambaa begani? "Mama, hewa haiibiwi. Lipa kahawa yako uende." Watu wakacheka. Hewa haiibiwi! Nimemwokoa mtoto wa watu, naambiwa nilipe niende!

FundiWaMakupa: Dada, una haki. Na hiyo paswadi ya ukutani ni balaa zaidi: mwizi aweza kuweka pacha mwenye kufuli na paswadi ile ile, simu zikajiunga zenyewe. Tena kwenye WPA2, lile kufuli la waifai la zamani, aijuaye paswadi akainasa simu yako wakati inaungana, asoma yote yasiyolindwa na HTTPS, kufuli la tovuti yenyewe. WPA3, kufuli jipya la 2018, imeliziba hilo la kusomewa, na yalazimisha ulinzi dhidi ya ujumbe bandia wa kuwatoa watu kwenye ruta halisi. Ruta yake ni ya lini?

Mahamri_Moto: Ina kutu, twaiona pale juu ya friji. Lakini Kasuku, kahawa ulilipa au hukulipa?

KasukuWaKizingo: Nililipa! Kitambaa begani, "hewa haiibiwi"! Hewa hiyo yapita ukuta mpaka barabarani, aliye ndani ya tuktuk aipata!

NgalawaYaTudor: Umeambiwa uende, ukaenda, sasa watulilia sisi. Mimi alinipunja chenji Ramadhani nzima na sikufungua uzi.

BintiWaMajengo: Afadhali chenji. Fundi wangu wa maji kachukua pesa Jumatatu, mfereji wavuja mpaka kwa jirani.

FundiWaMakupa: Si mimi huyo, mimi ni wa ruta. Zuieni simu zisijiunge na waifai zenyewe, jamani, na mambo ya benki fanyeni kwa bando.

Mahamri_Moto: Bando lenyewe laisha kabla sijafika kivukoni.

KasukuWaKizingo: HEWA HAIIBIWI! Kuna mtu kasoma nilichoandika?

NgalawaYaTudor: Tumesoma. Kaimati zake bado ni zile kubwa?

BintiWaMajengo: Kubwa wapi, siku hizi gololi.